Wimbo Niliouita Wangu

Baba yangu alikuwa na mashati matatu ya kazi, yote yenye picha za minazi na jua linalotua. Mama aliyapiga pasi ya makaa kila adhuhuri, kisha baba akabeba gitaa lake na kupanda matatu ya kwenda hotelini. Alipiga rizimu katika bendi ya hoteli moja ya watalii kaskazini mwa Mombasa, tangu mwaka 1974 hadi 1997. Kila usiku walipiga Malaika mara mbili. Miaka ya 1980 ilipoingia na Them Mushrooms wakatoa Jambo Bwana, huo nao ukawa wa kila usiku, siku nyingine mara tatu. Baada ya hapo, chochote mgeni atakachoomba. Mjerumani akitaka wimbo wa Elvis Presley, ataupata. Mwitaliano akianza kuimba wa kwao, baba atainamisha kichwa kidogo, na kabla kiitikio hakijarudi mara ya pili vidole vyake vitakuwa vishaujua.

Mtaani kazi hiyo tuliiita kopi. "Baba yako anapiga kopi," watoto wenzangu walisema, nami nilijua si sifa.

Nilimwonea aibu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo zito, na nikilichelewesha nitapata njia ya kulipamba. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilimfuata hotelini usiku mmoja kumsaidia kubeba spika. Mtalii aliyekuwa amelewa alipita mbele ya jukwaa, akamtilia noti katika mfuko wa shati bila hata kumtazama usoni, naye baba akatabasamu na kuendelea kupiga. Njia nzima ya kurudi sikumsemesha. Niliapa moyoni kwamba nitaimba nyimbo zangu mwenyewe au nitakaa kimya.

Mwaka 1993 nilikwenda Nairobi. Wanamuziki wa rika langu wanaijua River Road: studio juu ya duka, ngazi yenye giza, foleni ya vijana kila mmoja na wimbo wake utakaoitikisa nchi. Nilishinda hapo miaka mitano. Nililala chumba kimoja na watu wanne, nikala sukuma na ugali wa deni, na mwaka 1998 wimbo wangu mmoja ukashika. Ulikuwa wimbo wa mapenzi, maneno ya kawaida tu, lakini kiitikio chake kiliwakaa watu vichwani. Redio ziliupiga kwa miezi kadhaa. Makondakta wa matatu waliupigia mluzi. Kwenye karatasi ya kaseti niliagiza yaandikwe maneno matatu kabla ya jina langu: mtunzi, mwimbaji, mpangaji.

Krismasi ya mwaka huo nilirudi nyumbani Rabai nikiwa na viatu vipya. Nilimkuta baba chini ya mwembe, redio mapajani. Alikuwa hana kazi kwa zaidi ya mwaka. Agosti 1997 vurugu zilikuwa zimelipuka Likoni, watu wakauawa, maelfu wakakimbia makwao, na watalii wakaacha kuja. Hoteli zilifunga milango moja baada ya nyingine, na bendi ndiyo huwa ya kwanza kuambiwa asanteni. Yale mashati matatu mama alikuwa amekwisha kuyafanya matambara.

Baba aliniuliza swali moja. "Mwanangu, wimbo ule umeutoa wapi?"

Alilisema kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za njiani. Mimi nilisikia tusi. Nikamjibu, "Mimi natunga, baba. Wewe ndiye unayekopi."

Mama alikuwa mlangoni na ungo mkononi. Baba aliitazama redio, akaizungusha sauti ikapungua, akasema, "Haya." Hakusema zaidi, siku ile wala miaka kumi na mitano iliyofuata.

Nyimbo zangu zilizofuata hazikushika. Nililaumu maprodyuza, nikalaumu maharamia wa kaseti, nikalaumu vijana wa kizazi kipya waliokuja na kompyuta. Katika hayo yote palikuwa na ukweli kidogo, na niliutumia ukweli huo kidogo kama mtu anavyotumia fimbo ya kutembelea. Mwaka 2001 nilipata viza, nikaenda Marekani, na kwa njia za rafiki wa rafiki nikafika New Jersey. Nilisema nakwenda kurekodi. Nilikwenda kufanya kazi ambayo Wakenya wengi wa huko tunaijua: kuosha wazee.

Ni kazi ya heshima, lakini wakati ule sikuliona hilo. Niliona kushuka tu. Gitaa lilikaa chini ya kitanda. Jioni nilianza na bia mbili, zikawa nne, na baadaye sikuhesabu tena kwa sababu nilikuwa nimehamia kwenye chupa ya wiski, na chupa haihesabiwi kwa glasi. Nyumbani nilituma pesa kila mwezi. Sauti sikutuma. Mama alipofariki mwaka 2008 sikwenda kumzika. Niliwaambia ni karatasi, na kweli karatasi zangu zilikuwa na tatizo, lakini hata zingekuwa sawa sijui kama ningemudu kusimama mbele ya baba.

Mwaka 2011 nilipewa mzee mmoja wa kumwangalia, katika mji mdogo usio mbali na Freehold. Alikuwa tarishi wa posta kabla hajastaafu. Mwili ulikuwa bado na nguvu, kumbukumbu ndiyo ilikuwa ikimponyoka. Binti yake alinionyesha mambo matatu: vidonge, kandambili zisizoteleza, na CD iliyokuwa kwenye redio ya jikoni. "Bila muziki huo haogi," aliniambia. Nikadhani ni utani. Kesho yake nilijaribu kumwogesha kimyakimya, akang'ang'ania mlango wa bafu kwa mikono yote miwili mpaka nikaenda kuiwasha.

CD yenyewe ilikuwa ya Bruce Springsteen. New Jersey jina hilo watu hulitaja kama la mtoto wa jirani aliyefanikiwa. Alizaliwa mwaka 1949, akakulia Freehold hapohapo, baba yake akihama kutoka kazi hadi kazi: kiwandani, ulinzi wa jela, udereva wa basi. Kijana alianza na bendi za shule na za baa, akapata mkataba, akatoa albamu yake ya kwanza mwaka 1973, na miaka iliyofuata akawa mwimbaji wa roki anayejaza viwanja vya mpira kwa nyimbo alizoziandika mwenyewe. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, kwamba anaandika.

Ila albamu ile, iliyotoka Aprili 2006, haikuwa na wimbo wake hata mmoja. Nyimbo kumi na tatu, zote za zamani, zote za watu wengine. Jina lake ni We Shall Overcome: The Seeger Sessions. Nililigeuza jalada, nikasoma orodha, nikacheka peke yangu jikoni. Nilisema kwa Kiswahili, ili mzee asielewe, "Naye yamemwishia."

Sauti yenyewe haikunibadilisha mawazo. Banjo, fidla, kodiani, tarumbeta, na watu wengi wakiimba kwa pamoja kama wamekutana harusini. Baadaye nilisoma kwamba ndivyo ilivyokuwa hasa: walirekodi sebuleni katika nyumba ya shamba ya Springsteen, wapuliza tarumbeta wakiwa wamesimama kwenye ujia kwa kukosa nafasi, katika mikutano mitatu ya mwaka 1997, 2005 na 2006, bila mazoezi. Mnaimba, mnakosea, mnaendelea. Kwa masikio yangu ya River Road, tulikorudia mstari mmoja mara arobaini, ule ulikuwa uzembe wa tajiri.

Kumwogesha mzee kulichukua nyimbo saba. Tulianza na Old Dan Tucker wakati wa kuvua nguo, na kufikia Jacob's Ladder, ule wa ngazi aliyoiota Yakobo, nilikuwa namfunga vifungo vya shati. Hapo nilizima. Asubuhi baada ya asubuhi, karibu miaka miwili, nilisikia nyimbo saba na kuzima. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Kitu nilichokihitaji kilikuwa kwenye wimbo wa kumi na moja.

Februari 2013 nilikuja kazini nikiwa sijalala, na chupa ndani ya gari. Saa nne asubuhi nilitoka "kuchukua simu". Niliketi kwenye kiti cha dereva, nikanywa, nikasinzia. Niliporudi ndani mzee alikuwa sakafuni bafuni. Alikuwa amekwenda kuoga mwenyewe. Bomba lilikuwa linamwagika, naye amelala ubavu, ananitazama bila hasira, akaniuliza kama muziki umeharibika.

Hakuvunjika. Nyonga iliumia, daktari akaagiza alale wiki sita. Lakini ningeweza kuwa nimemuua, na siandiki hivyo ili kukoleza hadithi. Binti yake alifika, akanusa, akajua. Nilikuwa tayari nimekusanya vitu vyangu kwenye mfuko wa plastiki. Nilistahili kufukuzwa, na nilistahili polisi pia. Alikaa kwenye ngazi za nje kwa muda mrefu, baridi ile, halafu akaniambia, "Huwa nawasikia kwenye simu nikipiga asubuhi. Baba anaimba, na wewe unamwimbia sauti ya pili. Unajua kwamba unaimba?"

Sikujua. Naapa sikujua. Miaka kumi na miwili nilikuwa nimewaambia watu kwamba niliacha kuimba.

Akasema nitafute mahali pa kuacha pombe, na nikishaanza, nirudi. Alikuwa tayari ananitafutia anwani kwenye simu yake. Mpaka leo sijui kwa nini alifanya vile. Nilimuuliza baada ya muda, akanijibu kwamba hata yeye hajui vizuri, siku hiyo alikuwa amechoka kumtafuta mtu mwingine. Nalipenda jibu hilo. Neema wakati mwingine huja imechoka, imevaa koti la kazini.

Nilianza kwenda kwenye mikutano ya walevi wanaoacha, chini ya kanisa moja, viti vya chuma na kahawa chungu. Baada ya wiki mbili nilirudi kwa mzee. Sasa hakuwa anaoga bafuni bali kitandani, kwa kitambaa na beseni, na kazi ilikuwa ya taratibu sana. CD ilicheza mpaka mwisho.

Siku ya tatu nilikuwa namsugua mgongo wimbo wa kumi na moja ulipoanza. Unaitwa Pay Me My Money Down. Ni wimbo wa makuli. Mtu mmoja anasema jambo, wote wanaitikia, na madai yao ni rahisi: nahodha awalipe ujira wao kabla hajaondoka. Ulianza kwa kodiani, kila mtu akirukia kama anayedandia gari linalotembea. Mzee alikuwa anapiga godoro kwa kiganja, na kiganja kilitua kila mara palepale, kwenye kiitikio, pale ambapo mtu angevuta kamba.

Nikamwona babu yangu.

Babu alikuwa kuli Kilindini. Alianza kabla ya vita vya pili vya dunia na alikuwamo Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa walipoweka zana chini kwa karibu wiki mbili, bandari ikalala, na jina la Chege Kibachia likajulikana kila nyumba. Hayo nilisimuliwa. Niliyoyaona kwa macho ni haya: babu mzee, keshastaafu Rabai, akivuta ndoo kisimani kwa kamba ya makumbi, na akiivuta huimba. Kipande kifupi, anasema mwenyewe, anajiitikia mwenyewe, na mkono unashuka kwenye kiitikio. Nilikuwa na miaka kama sita. Kazi yangu ilikuwa kupokea ndoo. (Wengi hawakumbuki kwamba neno letu kubwa la taifa, harambee, kabla ya kuandikwa kwenye nembo lilikuwa mdomoni mwa wabeba mizigo.)

Kile kipande cha babu hakifanani na wimbo wa Wamarekani. Umbo ndilo lililofanana, na umbo likanifungulia mlango. Nilikivumisha puani huku kitambaa kikichuruzika maji kwenye shuka. Nikakivumisha tena. Ndipo nikaelewa mbona nakijua vizuri hivyo.

Kilikuwa kiitikio changu. Sauti kwa sauti, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimekipunguza mwendo na kukivalisha maneno ya mapenzi. Wimbo wangu pekee ulioshika, ule wa kaseti yenye mtunzi, mwimbaji na mpangaji, ulikuwa wa kisimani. Na baba, mtoto wa babu, aliyekua akiusikia kila siku, alinikuta naupiga redioni na kuniuliza kwa upole nimeutoa wapi.

Ndugu msomaji, sikulia. Nilimkausha mzee, nikamvisha, nikaenda kukaa jikoni. Niliogopa. Kwa miaka mingi nilikuwa nimejenga nafsi yangu juu ya kitu kimoja, kwamba mimi si kama baba, na sasa nguzo ile haikuwepo.

Katika wiki zile nilianza kusoma maktaba ya mji. Nilitaka kujua makuli wale ni nani. Wimbo ulikusanywa katika visiwa vya pwani ya Georgia, kwa wazao wa watumwa waliokuwa wakipakia meli, na mwanamke aitwaye Lydia Parrish akauchapisha katika kitabu chake cha mwaka 1942. Kikundi cha The Weavers kikauimba miaka ya 1950. Katika kikundi hicho alikuwamo Pete Seeger, mpiga banjo, ambaye ndiye Seeger wa jalada. Hilo lilinishika. Springsteen alikuwa ameliweka jina la mtu mwingine juu ya albamu yake, na mtu huyo mwenyewe si mtunzi wa nyimbo zile, ni aliyezibeba tu na kuzipitisha. We Shall Overcome ulitoka kwenye nyimbo za makanisa ya watu Weusi, ukaimbwa na wafanyakazi wa tumbaku waliogoma Charleston katikati ya miaka ya 1940, ukafika shule ya Highlander huko Tennessee, Zilphia Horton akamfundisha Seeger, neno moja likabadilishwa, na kutoka hapo ukaenea kwa waandamanaji. Ukiuliza ni wa nani, utajibiwa na umati.

Nilitamani mambo yaishie hapo, kwamba wako wabebaji wema na wako wezi kama mimi. Lakini nilisoma pia habari za Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi Mbube mjini Johannesburg mwaka 1939 na kulipwa shilingi kumi. The Weavers waliuchukua, wakaugeuza Wimoweh, ukavuma, na pesa zikaenda kwa wachapishaji wa Marekani. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa fukara. Seeger alimpelekea kiasi cha pesa, na baadaye alikiri kwamba hakufuatilia inavyopasa. Familia ya Linda ilifikia makubaliano ya kulipwa mwaka 2006, mwaka uleule wa albamu ya mzee. Kwa hiyo hata mkono uliobeba kwa upendo uliweza kupokonya. Sikupata faraja kubwa katika hilo, ila nilipata ndugu.

Kupiga simu nyumbani kulinichukua karibu mwaka mzima. Ningependa kukuambia kwamba siku ile ya kitambaa na beseni ndiyo iliyoniponya. Agosti nilianguka tena, siku nne za kunywa, nikarudi kwenye viti vya chuma na kuanza kuhesabu siku upya. Mara tatu nilibonyeza nambari ya baba na kukata kabla haijaita. Nilitoa gitaa chini ya kitanda, nyuzi zimeshika kutu, nikanunua mpya, na nikawa nampigia mzee zile nyimbo kumi na tatu, vibaya, nikimfuata yeye. Aliyekuwa hakumbuki jina la binti yake alikumbuka beti zote. Akikosea, hakurudi nyuma, alisonga mbele nami nikamfuata. Nikaanza kuelewa zile sauti za CD, Springsteen akiita ala inayofuata katikati ya wimbo, hakuna aliyejua vizuri kinachokuja. Mtu wa miaka hamsini na sita, mwenye kila tuzo, amekaa sebuleni kwake anajifunza. Kumbe baba alifanya hivyo kila usiku kwa miaka ishirini na tatu, mbele ya watu waliokuwa wanakula.

Tarehe 27 Januari 2014 Pete Seeger alifariki, na miaka yake 94. Kesho yake redio ya jikoni ilizungumza habari zake asubuhi nzima. Mzee alisikiliza, sijui kama alielewa. Saa sita mchana, ambayo Rabai ni saa mbili usiku, nilitoka nikakaa kwenye ngazi zilezile na nikaiacha simu iite.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Kimya. "Ni wewe?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ikapotea yote. Nilimwimbia tu kile kipande, kwenye simu, polepole, kwa mwendo wa kamba. Nilipofika kwenye kiitikio aliingia na sauti ya pili. Alikuwa na miaka 74.

Tulipomaliza nikasema, "Ulijua."

"Nilijua siku ile ile."

"Mbona hukuniambia, baba?"

Alifikiri. "Ulikuwa na furaha," akasema. "Na babu yako redioni? Mimi nilikuwa nakaa chini ya mwembe kumsubiri babu yako."

Nilimwomba msamaha kwa lile neno la Krismasi. Akaniuliza neno lipi, na mimi najua analikumbuka, kwa sababu alilipita haraka mno. Kisha akaniuliza kama kuna theluji, na kama nakula.

Mzee wangu wa New Jersey alifariki mwaka uliofuata, usingizini. Binti yake alinipa ile CD, kasha limepasuka pembeni. Desemba 2015, karatasi zikiwa zimekaa sawa, nilipanda ndege.

Baba alikuwa amepungua. Mkono wa kushoto ulikuwa unatetemeka na hakuweza tena kubana nyuzi vizuri, hivyo mimi nilibana na yeye akapiga kwa mkono wa kulia, tumekaa begani kwa begani kwenye benchi kama watoto wanaoiba embe. Nilikwenda kwenye kaburi la mama. Nilikaa pale asubuhi nzima, na hayo nayaacha pale.

Nilimwambia baba nataka kuurekodi wimbo upya, kama ulivyo, na niandike jina la babu. Alicheka mpaka akakohoa. Babu hakuutunga, alisema. Babu aliupata gatini kutoka kwa Mdigo mmoja, na Mdigo yule alidai kuupata kwa mabaharia wa jahazi, na kila genge la makuli lilikuwa na beti zake, nyingine haziwezi kuimbwa mbele ya watoto. Ubeti wa kati wa babu hata yeye alikuwa keshausahau. Tulikaa jioni tatu kuutafuta. Haukuja. Tukauacha wazi, gitaa tu linapita pale ubeti ulipokuwa.

Studio tuliyoipata Mombasa ilikuwa chumba kidogo chenye kiyoyozi kinachonguruma, na kijana mmoja mwenye adabu na kompyuta. Tuliimba mara moja. Baba alikosea mahali pawili. Kijana akasema anaweza kuyarekebisha yale makosa, nikamwambia ayaache. Alipofungua ukurasa wa kujaza habari za wimbo, akasoma kwa sauti, "Mtunzi?"

Tulitazamana mimi na baba. Nilimwachia yeye.

"Andika," baba akasema, "Makuli wa Kilindini."

Kijana akaandika herufi moja moja, halafu akageuza kiti. "Samahani, mzee wangu. Hao walikuwa wakipiga hoteli gani?"